Shingo ya Mama wa Gulwe

Bamba la madini ya risasi lilituchukua miezi kulitoboa. Risasi ni laini. Keekee hukwama na matundu hujiziba. Aliyeifanya kazi hiyo ni fundi mmoja wa Kizota, Mrangi wa Kondoa aliyenizidi umri kiasi cha kumwamkia shikamoo, mtu asiyevumilia kazi ya kulipua. Akikuta tundu moja limepinda, aliyeyusha bamba zima akaanza upya.

Mimi nilikuwa mtaalamu wa fizikia kwenye maabara ndogo ya utafiti mjini Dodoma. Zilikuwa enzi za ruksa. Vitu vya nje vilijaa madukani hadi vibarazani, lakini mgonjwa wa tezi la shingo aliambiwa aende Dar es Salaam kupigwa picha kwa kamera ya gama. Kamera hiyo hunasa miale inayotoka mwilini baada ya mgonjwa kunywa dawa maalumu, na bamba lenye matundu huichuja. Tulitaka kutengeneza yetu, ndogo, ambayo hospitali ya wilaya ingeimudu. Fuwele ya kunasia miale niliitoa kwenye mashine ya msaada iliyofika ikiwa imekufa.

Aliyekubali kupigwa picha ya kwanza alikuwa mama mmoja wa Gulwe mwenye uvimbe shingoni. Alikaa bila kutikisika. Picha ilitoka na ukungu, lakini upande wa kulia wa tezi palionekana pengo.

"Hapa ndipo penye ugonjwa?" fundi aliuliza.

"Inaelekea ndipo."

"Alhamdulillahi. Angalau tumeuona."

Wageni wafadhili walipokuja, mkuu wetu aliniita asubuhi ofisini. Aliitazama picha yetu akakunja uso.

"Hii chapati iliyoungua ndiyo unataka kuwaonyesha watu?" Akafungua mtoto wa meza, akatoa picha aliyoikata kwenye kijitabu cha matangazo ya kamera za Ulaya. "Onyesha hii."

"Mzee, hiyo si shingo ya mgonjwa wetu."

"Wao watajuaje?"

Niliionyesha. Nilisimama mbele ya wageni nikaeleza shingo nisiyoijua. Mama wa Gulwe aliketi mstari wa mbele, amevishwa kitenge kipya kama pambo la sherehe. Aliitazama sana ile picha safi, isiyo na pengo.

"Mwanangu, ndiyo mimi huyo?"

"Ndiyo, mama."

"Mbona uvimbe hauonekani? Nimepona?"

Mkuu akadakia, "Umepona, mama!" Wageni wakapiga makofi, naye mama akapiga pia.

Wageni walipoondoka nilirudi maabara. Kisha nikachukua picha yetu yenye ukungu, nikamfuata mama hadi stesheni, alikokuwa akingoja treni ya kurudi kwao. Nikamwonyesha pengo, nikamwambia hajapona na lazima aonwe na daktari wa upasuaji.

Akasema, "Mbele ya watu ulisema ndiyo."

Hata hivyo alirudi nami mjini, nikamfikisha kwa daktari. Alipasuliwa, akapona. Hakuniaga alipoondoka, na sikustahili kuagwa.

Fundi nilimweleza mwenyewe. Kesho yake alikuja na bisibisi, akalifungua bamba lake, akalifunga kwenye gunia na kuondoka nalo. Mkuu hakugundua, tayari alikuwa anashughulikia kamera ya kuagizwa nje, ambayo ilipofika ilikaa ndani ya kasha lake mpaka mchwa wakalipata.

Nilidhani ningejiuzulu wiki ileile. Nilibaki miaka miwili. Nilimwamkia mkuu kila asubuhi, nikamkorogea sukari kwenye chai, nikacheka mizaha yake. Yeye alinichukiza siku moja tu. Anayenichukiza mpaka leo ni yule kijana msomi aliyekuwa akimkorogea sukari.