Chumvi na Mkaa Nyuma ya Banda

Mimi si mtu wa kudanganywa kirahisi, hapa Nandagala wananijua. Kwa hiyo fundi umeme Agapiti alipotoka Nachingwea kuja kufunga nyaya kwenye banda la mume wangu, Twaha, nilikaa mlangoni nikimkodolea macho.

Twaha anachomelea mageti hapo uani. Miaka miwili mashine yake ilikuwa inavuta umeme kutoka sebuleni kwa waya mwembamba uliopita dirishani, unachemka mpaka unanuka. Agapiti aliung'oa huku anaguna. Akaiwekea mashine laini yake peke yake, waya mnene, akaupitisha ndani ya paipu ili cheche na panya visiufikie, akafunga na swichi inayojikata yenyewe hitilafu ikitokea. Kabla ya kugusa waya wowote alipima, akapima tena. Mtu gani haiamini hata kazi ya mkono wake? Na wali wangu hakula, eti tumbo.

Kilichonimaliza kilikuja mchana. Alichimba shimo nyuma ya banda, akapigilia humo fimbo ndefu ya shaba, akaifunga na waya uliotoka kwenye mashine, kisha akaniomba chumvi na mkaa. Vyote akavimwaga shimoni, midomo inamcheza kama anayenuiza. "Mama Shakila," akaniambia, "kiangazi uwe unapamwagia maji kila wiki. Umeme ukivuja utaingia ardhini, hautamwingia mzee."

Haya, mgeni azike vitu uani kwako, halafu akuagize uvinyweshe. We ungekubali? Nilijua tu, kuna mtu kamtuma ammalize mume wangu. Ijumaa Twaha alipokwenda msikitini nikashika jembe. Nikafukua, nikaukata ule waya, mkaa wote nikautupa chooni, nikafukia na kufagia juu. Roho ikatulia.

Wiki ya tatu Twaha alishika gamba la mashine, akarushwa mpaka ukutani. Swichi ilijikata, ndiyo maana anapumua hadi leo, lakini vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki. Nililia kama mwehu, na bado nikawa namlaani Agapiti mbele ya ndugu zake Twaha.

Agapiti alikuja siku hiyo hiyo. Hakujitetea. Alikwenda moja kwa moja nyuma ya banda, akafukua, akarudi na kipande cha waya, akakiweka kwenye mkeka alipolala Twaha. Ncha yake ilikuwa imepondwa na jembe.

"Nani kaukata?" Twaha akauliza.

Ningeweza kunyamaza.

"Mimi," nikasema. "Nilidhani anataka kukuua."

Twaha alikiokota kile kipande kwa mkono wa kushoto, akamrudishia Agapiti.

Agapiti alirudishia kila kitu na mashine inafanya kazi. Mume wangu hanigombezi, na bora angenigombeza. Ila nikimtengea chai, ananisogezea kikombe mimi ninywe kwanza.