Bi Mwamvua Aliyeapa Kutoondoka

Jua la Kigombe halijapanda juu ya minazi, na Bi Mwamvua binti Uweso tayari amekaa mkekani, miguu ameinyoosha, anakunja majani makavu ya mnazi juu ya kijiti na kuyashona kuwa makuti ya kuezekea. Mkono wa kulia unavuta kamba, wa kushoto unabana. Mdomo nao haupumziki.

"Andika hivyo hivyo, bwana mwandishi," anasema bila kuinua macho. "Andika kwamba leo naenda kwa Mzungu, na leo siondoki."

Nyuma yake limesimama lundo la makuti linalopita kimo cha mtu. Ni jasho la wanawake wa mtaa mzima, na wao ndio waliomchagua awe msemaji wao. Ujane ulimkuta na watoto watatu, wa kwanza akiwa Sabiha, na makuti ndiyo yaliyowalea. Mwezi mzuri humpa shilingi ishirini. Mwezi mbaya, anasema, humpa maumivu ya mgongo tu.

Neno lake la "siondoki" lina kisa.

Mwaka jana, yaani 1955, alikwenda kwa meneja wa shamba la mkonge lililo upande wa bara wa kijiji, Mswisi mmoja aitwaye Bwana Keller, ambaye Kigombe wamekwisha kumfupisha kuwa Bwana Keli. Shamba lilitaka kuezeka nyumba za vibarua kabla ya masika. Bi Mwamvua alivaa khanga zake mpya, akaketi, akajiandaa kuulizwa hali.

"Akaniuliza bei!" anasema, na mpaka leo sauti inampanda. "Hajaniuliza nimeamkaje, hajui kama nina watoto au sina, anauliza bei! Nikasema, huyu kalelewa na nani?"

Akataja bei. Bwana Keli akataja yake, ya chini. Hapo Bi Mwamvua akafanya kile ambacho kila muuzaji wa pwani hii hufanya: akaaga, akaondoka. Sokoni Kigombe hakuna anayefundishwa jambo hilo, mtoto hukuta watu wazima wanalifanya. Mnunuzi akibana sana, muuzaji hujitwika mzigo wake na kwenda zake polepole, akingoja kuitwa. Akiitwa, mmoja hupandisha kidogo, mwingine hushusha kidogo, watu hucheka, biashara imekwisha.

"Nikaenda. Pale ngazini nikaifungua khanga, nikaifunga upya. Kimya. Nikaifungua tena, nikaifunga. Kimya! Nikafika getini, nikasema labda sauti yake ndogo. Nikafika barabarani. Lo! Hata mbwa wake hakunibwekea!"

Hakuitwa. Shamba likanunua makuti upande wa Pangani, na yale ya Kigombe yakanyeshewa, yakaliwa na mchwa. Wenzake walimwangalia kwa macho ya kumla. Alilia, wala haoni haya kusema kwamba alilia.

Aliyemfungua macho ni Fanueli, mnyapara wa shamba hilo, Mshambaa na Mlutheri aliyeteremka kutoka milimani kutafuta kazi ya mkonge. Alipita kijijini kununua nazi, akamwamkia shikamoo, akamweleza taratibu.

"Mama Sabiha, kwa hawa ukiondoka, umeondoka. Bwana alikaa mezani akingoja utaje bei ya pili. Ulipopotea alisikitika, akasema kumbe yule mama hakuwa na nia."

"Na kwa nini hakuniita?"

"Mwe! Kwao kumwita mtu aliyekwisha kuaga ni kumsumbua."

Bi Mwamvua anasema alikaa na maneno hayo siku nyingi kabla hayajamwingia. Kisha akaanza shule yake mwenyewe. Akawa anapeleka vitumbua shambani kwa vibarua, jicho likiwa kwenye baraza ya ofisi, akitazama Bwana Keli anavyopatana na wenye malori. Akagundua kwamba Mzungu yule akinyamaza hajakasirika, anapiga hesabu. Akagundua pia kwamba hupenda kutajiwa bei mapema. Jioni, jirani yake Bi Mwanamkasi alikalishwa juu ya kasha la chai, akavishwa kofia ya marehemu mume wa Bi Mwamvua, akawa ndiye Mzungu.

"Alikuwa mbaya kuliko Mzungu mwenyewe," anasema Bi Mwamvua. "Alitaka nimpe bure."

Mwaka huu mambo ni mazito zaidi. Bwana Keli ameanza kuulizia mabati mjini Tanga. Akiezeka mabati, hatahitaji makuti mwakani wala mwaka wa kesho kutwa, na mashamba ya jirani yatamfuata. Kwa hiyo anakwenda kuokoa kazi ya mtaa mzima, na anajua.

Saa mbili asubuhi yuko ofisini. Fanueli amesimama mlangoni. Bwana Keli anainuka, anatabasamu, anaanza kwa Kiswahili chake cha kukatakata.

"Hujambo, mama? Watoto wazima? Minazi inazaa?"

Bi Mwamvua anapigwa na butwaa. Salamu hizo hazikuwamo katika mazoezi yake na Bi Mwanamkasi. Anaitikia haraka haraka, anakaza mgongo.

"Bei yangu shilingi nane kwa mia, bwana."

"Sita."

Bi Mwamvua hatikisiki kitini, anashusha kidogo.

"Saba na nusu."

"Sita," anasema Bwana Keli. Kisha anainuka, anachukua kofia, anasema, "Kwaheri, mama," na kutoka nje.

Uso wa Bi Mwamvua unasawijika. Mwaka mzima amejifunza kwamba kwa watu hawa aliyeondoka ameondoka. Mabati hayo, anayaona yakishuka kwenye lori. Vidole vimeshika kingo za kiti. Aliapa kutoondoka, na sasa mwenye nyumba ndiye aliyeondoka.

"Fanueli mwanangu," ananong'ona, "sasa mimi nipatane na meza?"

Fanueli anatazama sakafu. Midomo yake inacheza.

Hapo Bi Mwamvua anatega sikio. Viatu vya Bwana Keli havisikiki vikienda mbali. Anachungulia dirishani. Mzungu amesimama ngazini, amewapa mgongo. Anaivua kofia, anaipangusa, anaivaa. Anaivua tena. Anaipangusa tena.

Bi Mwamvua anaitambua ile kofia. Ni khanga yake ya mwaka jana.

"Ee Bwana Keli!" anaita, na kicheko kinamtoka chote. "Rudi, bwana! Rudi tuzungumze!"

Bwana Keli anageuka upesi mno. Mtu wa Kigombe angejivuta kidogo. Amewiva uso mzima kwa furaha.

"Nilidhani huniiti!" anasema. "Fanueli, ulisema ataita!"

"Kumbe umemfundisha na yeye?" Bi Mwamvua anamgeukia mnyapara.

"Mama, aliniuliza mwenyewe kwa nini uliondoka. Ningemficha?"

Wanapatana shilingi saba. Bi Mwamvua anaongeza sharti moja: lori lije Jumamosi, si Ijumaa, maana Ijumaa wapakiaji wako msikitini. Bwana Keli anakubali, naye anaongeza lake: Jumapili asitafutwe. Mabati hayatajwi tena.

Njiani kurudi, Bi Mwamvua anatembea kama msichana. Anataka wanawake wa mtaa wajenge banda lao kando ya barabara ya Pangani, makuti yakae pasipo mvua wala mchwa, na mameneja wa mashamba yote waje wenyewe.

"Safari ijayo Bwana Keli anakuja kwangu," anasema. "Kiti nitamwekea, magoti yake hayakunjiki mkekani. Nitamuuliza hali yake, nitamtajia bei mapema, roho yake itulie. Na akitaka kuondoka, aondoke. Nitamwita."

Anapiga hatua chache, anajifunga khanga upya.

"Ila nitamwacha kwanza afike barabarani."