Jina la Sebuhoro Mbele ya Watu wa Burungu

Kanuni ilikuwa moja, na aliyeiweka ni Emérence mwenyewe: mwamuzi atasimama, atataja kwa kinywa chake jina la mtu aliyemchagua, na atatoa sababu. Kunong'ona hapana, kuonyesha kwa kidole hapana.

Kanuni hiyo ilizaliwa na aibu. Emérence alikuwa monitrice, mwalimu wa kushona katika foyer, nyumba ya parokia walimojifunzia wanawake wa kijiji cha Burungu. Siku moja sista Mfaransa aliwaeleza kwamba huko Paris kuna zawadi ya vitabu iitwayo Femina, na waamuzi wake wote ni wanawake. Walicheka kwanza. Kisha Emérence akasema, "Sisi vitabu hatuna, lakini wasimuliaji wako." Hivyo wakaanzisha zawadi yao: blanketi zito kwa msimuliaji bora, kila mwaka baada ya mavuno ya maharagwe, na waamuzi watano, wote wanawake.

Mwaka wa kwanza mwamuzi mmoja aliona haya, akasema tu, "Nimechagua ule muzee wa kule juu." Wazee wawili wa kule juu wakainuka pamoja na kushikana mashati mbele ya kanisa. Wanaume walipata la kuchekea mpaka mvua zikaanza. Katekista Théophile, ambaye hakuipenda zawadi hiyo tangu mwanzo, alikwenda kwa padri. Padri akaamua: mwamuzi mmoja akishindwa tena kazi yake, Théophile ndiye atakayekaa kitini kuwaongoza.

Kwa hiyo mwaka wa 1968 wanawake wale walijua kwamba hawana nafasi ya kukosea.

Jioni ya kuamkia shindano, Damien, mume wa Emérence, aliweka chini jembe lake na kusema juu ya baba yake, "Papa atasimulia kesho."

Emérence aliendelea kuchambua maharagwe. "Nimesikia."

"Na kama atasimulia muzuri?"

"Nitamusikiliza, kama wengine."

"Unajua nasema nini. Jina yake hauwezi kulitaja. Chagua mwingine. Hakuna muntu atakuuliza."

"Mimi njo nitajiuliza," alisema Emérence.

Kwa watu wa ukoo wa Damien, mke hatamki jina la baba wa mumewe. Hatamki hata neno linalofanana nalo. Baba mkwe aliitwa Sebuhoro, na katika Kinyarwanda *buhoro* ni polepole. Basi tangu aolewe, Emérence alipotaka watoto watembee polepole aliwaambia watembee kama wenye mzigo wa mayai kichwani. Hakuona mila hiyo kuwa ujinga. Aliishika kwa heshima, na Sebuhoro alimpenda kwa sababu hiyo. Alikuwa akifika kwake kila Jumapili baada ya misa na kunywa maziwa katika kikombe kilichokuwa chake peke yake.

Siku ya shindano uwanja wa kanisa ulijaa. Hakuna aliyemtaka Emérence ajitoe kwa sababu ya undugu. Burungu kila mtu ni ndugu wa mtu, na mwaka uliopita Dorothée, mwamuzi mwenzake, alikuwa ameamua juu ya hadithi ya kaka yake mwenyewe bila neno kutoka kwa yeyote.

Mwishoni walibaki wasimuliaji wawili. Wa kwanza alikuwa Gustave, mwalimu wa shule, aliyesimulia habari za mfalme na binti zake kwa sauti nzuri na mikono mingi. Watu walipiga makofi. Wa pili alikuwa Sebuhoro.

Mzee alisimulia mwaka wa tauni ya ng'ombe. Zizi lake lote lilikufa, akabaki ng'ombe mmoja, naye mwenyewe akaanguka na homa, hata kuketi hawezi. Wanawe walikuwa wadogo. Kwa watu wake mwanamke hakami ng'ombe. Ni mwiko mkubwa. Mkewe alikaa siku nzima mlangoni akiwasikiliza watoto wakilia. Kisha akachukua chombo, akaenda kukama. Majirani walimwona. Sebuhoro hakupandisha sauti hata mara moja. Hakusema mkewe alikosea, wala hakumwombea radhi. Alisema tu, "Alirudi na maziwa, akayaweka mbele yangu, akaningojea. Nikakunywa." Akaketi. Makofi yalikuja yakiwa yamechelewa.

Waamuzi walisimama mmoja mmoja. Wawili walimtaja Gustave. Dorothée na Valérie, mwanamke wa Walikale aliyeolewa Burungu, walimtaja Sebuhoro. Ikabaki sauti ya Emérence.

Hapo ndipo watu walipoelewa, na minong'ono ikaanza.

"Leo tutaona," alisema kijana mmoja. "Mukwe atameza ulimi."

"Hawezi kumeza," mwingine akajibu. "Atasema Gustave, arudi nyumbani akapike."

Théophile aliinuka kwa upole, kama mtu anayeleta msaada. "Mama Emérence, usisumbuke. Mila ni mila, sisi wote tunaijua. Nipe kiti, mimi nitasema kwa nafasi yako."

"Kaa, Papa Théophile," alisema Valérie. "Kiti hiki hakijapata joto yako, na hakijalia kwa kuikosa."

Watu walicheka. Emérence hakucheka. Njia rahisi ilikuwa wazi mbele yake: kusema Gustave. Mila ingebaki salama, kiti kingebaki cha wanawake, hata baba mkwe angesema amelelewa vizuri. Lakini ungekuwa uongo, na uongo uliosemwa kwa heshima ni uongo vilevile. Wanawake waliokuwa wamedai haki ya kuamua wangekuwa wameanza kuamua kwa hofu.

Alisimama, akakunja mikono mbele ya kitenge chake.

"Nachagua Sebuhoro," alisema. Sauti yake iliwafikia hata watu wa nyuma kabisa. "Gustave alitupendeza. Sebuhoro alitupa muntu mwenye tunamujua, na hakumufunika ili sisi tumupende. Njo sababu yangu."

Hakuna aliyepiga makofi. Mzee alibaki ameketi, mikono juu ya fimbo. Dorothée alimpelekea blanketi, mzee akaliangalia bila kulipokea.

"Mutoto wangu," alimwambia Emérence, "umenivua nguo mbele ya watu."

"Papa, nimesema kweli."

"Kweli ulikuwa nayo. Ungeiacha ndani ya tumbo."

Valérie hakuweza kunyamaza. "Lakini Papa, sasa hivi umetusimulia mama mwenye alivunja mwiko, na maziwa ukakunywa."

Sebuhoro aliinuka. "Ile ilikuwa njaa," alisema. "Hii iko muchezo."

Akaondoka, na blanketi likabaki juu ya benchi.

Emérence aliona kwamba mzee amekosea. Haki ya mtu kusikia hukumu ya kweli si mchezo, na mwanamke anayekubali kiti cha uamuzi hawezi kukikalia nusu. Hakuomba radhi kwa jina alilotaja. Aliomba radhi kwa maumivu, mara nyingi, akipeleka ujumbe kwa mzee kupitia Damien, lakini jibu halikuja.

Théophile hakupata kiti. Padri mwenyewe alisema kwamba hakuna mwamuzi aliyeshindwa kazi yake, na zawadi ikaendelea mikononi mwa wanawake.

Sebuhoro hakuingia tena katika nyumba ya Emérence. Mtoto wa mwisho wa Emérence alipozaliwa, babu hakuja kumpa jina kama alivyowapa wote waliomtangulia. Mzee alipougua, alikataa chakula kilichotoka jikoni kwa mkwe wake, na siku ya maziko yake wanawake wa ukoo walimketisha Emérence nje pamoja na wageni. Kusema kweli kulimgharimu Emérence baba wa pili, na hakumpata tena.