Wimbo wa Mbio Ulinirudishia Jina la Binti Yangu

Mimi ni Mwajuma, muuza vitenge wa Buyenzi, hapa Bujumbura. Wanaonijua watawaambia kwamba tangu utoto sijawahi kukosa la kusema. Namshukuru Mungu kwamba haya nawasimulia kwa mdomo wangu mwenyewe, maana kuna miezi ambayo mdomo huu ulikuwa wa kulia chakula tu, tena kwa shida.

Nilipokuwa msichana mdogo, fundi mmoja wa kuziba matairi mtaani kwetu, Kocha Saidi, alikusanya wasichana akatufundisha mpira wa mikono. Waislamu, Wakristo, wanene, wembamba, alimchukua yeyote. Mimi mpira ulinipiga usoni mara nyingi kuliko nilivyoudaka. Lakini Jumapili asubuhi tulikimbia sote kwa mstari, tukipanda hadi Mutanga Sud huku tunaimba, kama wakimbiaji wa mji huu wanavyoimba mpaka leo. Wimbo wetu ulikuwa wa kuitana majina. Wa mbele aliimba kwa Kiswahili chetu cha mtaani, "Iko wapi Goreti?" naye Goreti, hata akiwa hana pumzi, aliitika, "Niko hapa!" Asipoitika mtu, mstari mzima ulipunguza mwendo kumsubiri. Mimi nilisubiriwa sana, mpaka nikaacha kuona haya kuwa wa mwisho.

Tulikua, tukaolewa, tukatawanyika. Nikapata duka, nikapata mume mwema, Ramadhani, na baada ya kungoja sana tukapata binti mmoja, Zuhura. Tangu hapo hakuna aliyeniita Mwajuma tena. Nikawa Mama Zuhura.

Asubuhi moja nilikuwa namkatia mteja kitenge, mkasi ukaniponyoka mkono wa kulia. Niliinama kuuokota, nikashindwa kunyanyuka. Upande mmoja wa uso ulilegea, mate yakanitoka, nikajikojolea pale pale mbele ya mteja. Nilitaka kusema wamwite Ramadhani, lakini ikatoka sauti ya mtu aliyejaza ugali mdomoni. Hospitalini daktari alieleza kwamba tansiyo, yaani shinikizo la damu, ilikuwa imepanda bila mimi kujua. Mshipa ulikuwa umeziba kichwani, na sehemu inayounda maneno ilikuwa imeumia.

Nilirudi nyumbani mkono unaning'inia. Nikitaka maji, mdomo unasema mlango. Hayo niliyavumilia. Lililonivunja moyo ni Zuhura, ambaye bado alikuwa mdogo, ndiyo kwanza ameanza shule. Kila nikimwita, lilitoka neno "sabuni". Mara ya kwanza alikimbia kuniletea sabuni, maskini. Baadaye akaacha kunisogelea. Siku moja nilimsikia akimwuliza baba yake, "Mama amesahau mi ni nani?" Nilielewa kila neno, na sikuweza kumjibu hata moja. Akaomba kwenda kukaa kwa shangazi yake, mtaa wa Kanyosha, Ramadhani akakubali. Nililia kama mtoto.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuja nyumbani kuninyoosha. Kuanguka nilikuwa nimezoea tangu uwanjani, kwa hiyo mguu ulianza kutii mapema. Maneno yalikataa kabisa. Nikakata tamaa, nikawa nageukia ukuta mtaalamu akiingia. Ndipo Ramadhani, bila kuniuliza, akamtafuta Goreti, ambaye siku hizi anafanya kazi ofisini Rohero.

Goreti alikuja Jumapili na wenzetu wawili, wote wamevaa viatu vya michezo na wote wamenenepa kama mimi. Wakanishika kwapani, wakaanza kunitembeza uani. Ili hatua ziende sawa, Goreti akaanzisha ule wimbo, kwa mazoea tu. Akafika kwangu.

"Iko wapi Mwajuma?"

"Niko hapa!"

Ilitoka safi, kwa sauti yangu. Tukasimama, tukatazamana, halafu tukaanza kulia sote wanne. Ramadhani akaja mbio akidhani nimeanguka. Daktari alipoambiwa hakushangaa. Alisema wako wagonjwa wanaoimba kabla ya kusema, akatuagiza tuendelee kuimba.

Tukaimba kila Jumapili. Goreti akanipa kazi ya kuita. Kwanza niliweza jina lake, kisha majina ya wale wengine. Hapo akamtuma Ramadhani amlete mtoto. Zuhura aliingia amemshika shangazi yake nguo. Goreti akachuchumaa mbele yake.

"Mutoto wangu, mama yako hakukusahau. Jina yako iko mu kichwa yake, njia tu ndiyo ilifungwa. We sikiliza. Akikuita, itika."

Nikaanza. Nikamwita Goreti, nikawaita wenzake. Niliogopa lile neno sabuni kuliko nilivyowahi kuogopa kitu chochote. "Iko wapi Zuhura?" Lilitoka jina lake, zima. Hakuitika. Nikaliimba tena. Akaiachia nguo ya shangazi, akasema polepole, "Niko hapa, mama."

Leo naongea, ingawa taratibu. Mkono bado mzito, kwa hiyo vitenge anakata Ramadhani, na wateja wanavumilia. Dawa ya tansiyo nameza kila siku. Nanyi pimeni, hata mkijiona wazima. Mkiwa na mgonjwa asiyeweza kusema, msimwongelee kana kwamba hayupo, kwa sababu anasikia.

Na wewe mzazi unayesema mpira unampotezea mtoto muda, nisikilize. Sisi hatukuwahi kushinda kombe lolote. Alichotupa Kocha Saidi, Mungu amrehemu, mimi nilikihitaji ukubwani, nikiwa siwezi hata kuomba maji. Hata mtoto asiyejua kudaka, mpeleke.

Zuhura naye sasa anacheza. Juzi alirudi amenuna, wamefungwa vibaya na yeye ametolewa nje mapema. Nikamkalisha karibu yangu, nikamwuliza wachezaji wenzake wanaitwa nani. Akaanza kuwataja mmoja mmoja, nami nikawarudia wote, bila wimbo, bila kukosea hata mmoja.