Habari za Ng'ombe

Juzi mjini Nakuru nilimpelekea fundi kijana simu yangu. Hakuinua macho. "Leta," akasema. Nilimsamehe, maana utotoni nami nilikuwa hivyo hivyo.

Tulikaa kwenye landhi za reli, nyumba za wafanyakazi wa treni, zilizonuka moshi wa makaa. Nilikuwa msichana wa kufungua kila chenye skrubu, na nilitamani sana saa mbovu ya jirani yetu, Mama Nekesa. Niliingia kwake nikasema, "Saa yako imekufa. Nipe." Alinifukuza.

"Huendi kwa watu ukaanza kudai kama karani wa kodi," mama akanikanya. "Uliza habari za nyumbani, za watoto, za ng'ombe. Halafu unyamaze."

Maswali matatu. Njiani niliyahesabu mara mbili, nikidhani ni kama skrubu: ukiruka moja, kifuniko hakitoki. Nikauliza yote kwa mpangilio.

"Ng'ombe?" Mama Nekesa akacheka. "Wewe mtoto, unaona zizi hapa landhi?"

Nikanyamaza, kama nilivyoagizwa. Naye akaanza kunisimulia habari za ng'ombe aliyemwacha kwao, yule mwekundu, aliyekataa kukamuliwa na mtu mwingine yeyote. Akamimina chai, akaongeza. Nikasahau saa, nikauliza swali la nne, ambalo sikufundishwa: "Sasa nani anamkamua?"

Nilipoondoka jioni, saa ilikuwa kwapani mwangu, imefungwa kwa gazeti. Sikuwa nimeiomba.

Basi nikamwuliza yule fundi wa simu habari za ng'ombe wa kwao. Akaweka bisibisi chini.