Majivu Chumbani kwa Marehemu

Naungama kwa aibu, maana mimi ni mwalimu wa kemia hapa Ifakara.

Masika haya, chumba alimofia baba kilianza kuliza watu. Ukifungua mlango tu, machozi yanakutoka bila huzuni yoyote na koo linabana kana kwamba umekabwa. Mke wangu aliingia mara moja, akakataa kurudi. Mimi nilianza kumsikia baba akihema mle ndani, nikamwita mchungaji.

Tulisimama mlangoni tukiomba, wote tunalia. Mchungaji akaninong'oneza, "Marehemu ana jambo."

Mama mkwe, mkulima wa mpunga kutoka Namawala, alitupita akaingia, akainua turubai lililotoboka pale kwenye kona. Gunia langu la mbolea ya SA, yaani salfeti ya amonia, lilikuwa limepasuka na kulowa kwa maji ya paa linalovuja, limelala juu ya majivu niliyomwaga mwenyewe kuzuia mchwa.

Chumvi ya amonia ikikutana na alkali, kama ile ya majivu, huvunjika na kutoa gesi inayochoma macho. Kanuni hiyo niliiandika ubaoni Jumatatu, kwa mkono wangu.

Mchungaji akafunga Biblia.

"Mwalimu," mama mkwe alisema akijifuta macho kwa khanga, "mbolea hii na majivu haviwekwi pamoja. Huko shuleni unafundisha nini?"