Nilivyoleta Rashi Kwenye Maua ya Mama Kulwa

Aibu hii niliitafuta kwa miguu yangu mwenyewe, kwa hiyo bora niwasimulie mimi kabla hamjaisikia kwa watu wa gulio hapa Kagongwa, maana wao wameshaongeza chumvi (eti nilikutwa nimevaa kofia ya mgodini, uongo mtupu, ilikuwa kofia ya bodaboda).

Jirani yangu Mama Kulwa ni mjane, mtu mzima wa heshima, ndiye aliyempokea binti yangu Pendo siku anazaliwa nyumbani ghafla. Kati yetu kuna ua wa minyaa tu. Tumeishi vizuri miaka yote mpaka asubuhi moja mwishoni mwa kiangazi, ardhi imekauka mpaka kuku wanachagua pa kukanyaga, nikamwona anachimba. Sasa jiulizeni, nani anachimba wakati mbinguni hakuna wingu hata la kusingizia? Ningepita zangu nikaoge, leo ningekuwa mtu wa maana. Nikachungulia.

Akapima kwa nyayo, akachimba kishimo, akatazama kushoto, akatazama kulia, akaenda kwenye kishimo kingine. Kisha akaleta karai la maji, akamiminia vitu fulani kutoka kwenye kiroba cha majivu, akaanza kulizungusha lile karai polepole, polepole. Jamani, mimi nimepika chai ya wachimbaji Bugarama miaka miwili, najua karai linalozungushwa hivyo linatafuta nini! Tena nimehitimu masomo ya jioni, na jiografia nilifaulu mpaka mwalimu akaisahihisha karatasi yangu mara mbili kwa kutoamini. Udongo mwekundu, karai, macho ya wizi: dhahabu hiyo.

"Shikamoo, mayu," nikamwita mama kwa Kisukuma chetu, kama mtoto mwema. "Unafanya nini na jua hili?"

"Marahaba, baba. Mninga wa pale zahanati umeshachanua. Muda umefika."

Muda wa nini? Akafunika kishimo kwa mguu. Nikamkimbilia mke wangu jikoni.

"Si ungemuuliza vizuri?" akasema Mama Pendo.

"Nimemuuliza, kanijibu habari za mninga! Mtu asiye na lake jambo anajibu hivyo?"

Nikampigia shemeji yangu Jumanne, mchimbaji wa siku nyingi. Nikamwambia njoo na sululu, lakini usimwambie mtu. Na kweli hakumwambia mtu, ila dereva wa bodaboda aliyempakia, na dereva naye hakumwambia mtu, ila kijiwe chake. Mama Kulwa alipotoka kwenda kisimani, nikasikia mtikisiko kama ng'ombe wa Usukuma wote wamefunguliwa kwa pamoja: watu elfu kumi (Mama Pendo anasema arobaini, lakini yeye hakuwa mbele kama mimi), sululu, beleshi, makarai, wengine na masufuria ya nyumbani, wanapiga kelele "Limetema! Limetema!" kama wachimbaji shimo likitoa dhahabu. Rashi, zile mbio za kugombea dhahabu! Ndani ya bustani! Nami nikasimama katikati nikinyoosha kidole: "Hapo! Na hapo!"

Wakachimba kila kishimo. Jumanne akaibuka na kitu cha mviringo, akakifuta, akakipima mkononi, akaking'ata. Umati ukasogea.

"Shemeji," akasema huku akitema, "hiki ni kama kitunguu."

Hapo ndipo Mama Kulwa aliporudi na ndoo kichwani. Aliitua ndoo, akaokota kile kilichong'atwa.

"Baba Kulwa alivitoa porini Didia mwaka alionioa," akasema. "Kiangazi nalaza kwenye majivu visioze, mninga ukichanua naosha majivu, narudisha ardhini. Mvua ya kwanza ikigusa, ua jekundu linachomoza kabla hata ya jani. Picha zake ziliungua na nyumba. Nimebaki na haya."

"Na ule ukaguzi wa kushoto na kulia?" nikauliza (mdomo wangu huu!).

"Mbuzi wako, Baba Pendo."

Watu wakayeyuka, wengine wakivitupa huku na huku kwa hasira vile vitu vyenye umbo la vitunguu, kana kwamba vimewadanganya wao. Nikabaki mimi na magoti yangu, napanda upya mpaka jua linazama, na Mama Kulwa amekaa kwenye kigoda. "Kichwa juu, baba, kichwa juu! Umekilaza kama marehemu." Vitatu hatukuviona kabisa, achilia mbali kile cha Jumanne. Nilivyovipanda navyo havikuwa na dhamana. Wiki zile nililitazama wingu kuliko nilivyowahi kumtazama mke wangu, nikawa sina imani na wingu, na upepo, wala na vidole vyangu.

Mvua ikaja. Siku chache baadaye, ng'ambo ya minyaa, mipira myekundu ya maua ikasimama kama imeagizwa. Nikakaribia kucheza! Nikakimbilia nyuma ya jiko kumwita Mama Pendo, na pale kwenye jalala langu, ndugu zangu, mitatu mingine. Myekundu! Imenyooka! Kwangu!

Nikageuka. Kwenye minyaa kulikuwa na jicho.

"Baba Pendo, hapo umepanda nini?"

"Mama, walirusha wale watu! Haki ya Mungu! Ngoja niving'oe sasa hivi nikuletee—"

"Acha! Havihamishwi vikiwa na maua. Mpaka mvua ziishe, majani yakauke yenyewe."

Kwa hiyo nipo nayo. Kila apitaye kwenda kisimani anasimama, anayahesabu, ananitazama, anaguna. Nimeapa: hata jirani azike sanduku la fedha saa sita mchana, mimi natazama ugali wangu. Na mvua mwaka huu, nawaambieni, haina hata dalili ya kukatika.